Kwetu ni wapi? Insha ya mwanangu ilivyonifunza Kawangware

BINTI yangu wa miaka tisa alirudi nyumbani jioni moja na kazi kutoka shuleni. Alitakiwa kuandika kuhusu mtaa anaoishi: historia yake, jiografia yake na idadi ya watu wake. Alifungua daftari na kwa hati safi akaandika sentensi ya kwanza: "Kwetu ni Kawangware."

Niliichukua kalamu nikaikata sentensi hiyo. "Hapa tumepanga tu," nikamwambia. "Kwetu ni Kakamega."

Aliniangalia kwa muda. "Baba, mimi huko Kakamega nimelala usiku ngapi?"

Mama yake alicheka jikoni. Mimi sikucheka, kwa sababu nilihesabu na hazikuzidi ishirini. Tena nilijua kwamba hata mimi mwenyewe, niliyezaliwa na kulelewa Kawangware, sikuwa na la kumwambia kuhusu historia ya mtaa huu. Niliujua kama mtu anavyoijua stendi ya basi: mahali pa kusubiri kwenda kwingine.

Basi Jumamosi iliyofuata nikampeleka mjini ili tuanze safari upya, kama wageni. Tulipanda matatu ya namba 46 pale Kencom. Kutoka katikati ya jiji unapanda Valley Road, unapita Hurlingham na Yaya, unaingia Lavington kwenye nyua ndefu na miti mikubwa, kisha ghafla nyua zinakwisha na mabati yanaanza. Nilimwonyesha binti yangu kwamba njia nzima tulikuwa tukipanda. Kila uendapo magharibi ardhi ya Nairobi huinuka kuelekea Kikuyu, ambako Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, na upande wa kusini magharibi vilima vya Ngong vinakutazama. Ndiyo maana baridi ya Julai hutuuma kuliko wenzetu wa Eastlands, na ndiyo maana mvua ikinyesha viatu vyetu hugeuka vyekundu. Udongo huu mwekundu ni mzuri kwa shamba. Ni sisi tulioufunika kwa vyumba.

Kwa upande wa historia nilimpeleka kwa mama mwenye ploti yetu, ajuza ambaye wapangaji wote humwita Shosho. Alikuwa msichana mdogo serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952.

"Kairitu, unajua maana ya jina la hapa?" alimwuliza. Binti yangu alitikisa kichwa. "Ngware ni ndege. Kwa Kiswahili mnamwita kwale. Hapa palikuwa pao." Alionyesha kwa mkono wake ule mstari wa vibanda vya mitumba na wachoma mahindi, kana kwamba kwale bado wako chini yake.

Shosho alitueleza kwamba zamani hapa hapakuwa Nairobi. Dagoretti yote ilikuwa sehemu ya Kiambu, ardhi ya Wakikuyu iliyopakana na mji. Mzungu alifika hata kabla ya mji kuwepo. Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alijenga ngome huko Dagoretti baada ya kuapishana udugu na Waiyaki wa Hinga. Kiapo hicho hakikudumu. Watu wa kampuni walipora vyakula na kuwasumbua wenyeji, ngome ikashambuliwa na kuachwa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia njiani huko Kibwezi. Leo barabara kubwa inayopita Kangemi na Uthiru yaitwa Waiyaki Way, nasi twaipita kila siku bila kuuliza aliyekuwa nani. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, yaani miaka tisa baada ya ngome ile.

Katika miaka ya vita vya Mau Mau, familia za Kiambu zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, kisha mashamba yakapimwa na wenyewe wakapewa hati. Uhuru ulipokuja, mipaka ya Nairobi ilipanuliwa na Dagoretti ikaingizwa jijini. Hapo ndipo, msomaji, kitendawili cha mtaa wetu kinapofumbuka. Mwenye shamba dogo lenye hati, lililo karibu na mji uliojaa watu wanaotafuta kazi, atapanda nini? Alipanda vyumba. Nao waliokuja kuvikodi walitoka mbali, wengi wao Waluhya kama baba yangu, aliyefika katika miaka ya themanini na sanduku moja la mbao.

Idadi ya watu ilikuwa rahisi, au hivyo nilidhani. Katika sensa ya 2019 kaunti ndogo ya Dagoretti, ambamo Kawangware imo, ilikuwa na watu 434,208 kwenye kilomita mraba 29 hivi. Hao ni karibu watu 15,000 katika kila kilomita mraba, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa watu 82. Binti yangu aliandika tarakimu hizo, kisha akauliza: "Na sisi tulihesabiwa wapi?"

Nilikumbuka usiku wa Agosti 24, 2019. Karani alisimama mlangoni petu na swali lake lilikuwa moja: ni nani aliyelala humu usiku huu? Hakuuliza makaburi ya babu zetu yako wapi. Tulihesabiwa Kawangware.

Jioni ile nilimpigia simu baba yangu, aliyestaafu na kurudi Kakamega. Alinisikiliza, halafu akasema, "Mwanangu, nyumba ya kukodi si boma. Mwambie mtoto kitovu chake kiko huku." Sikubishana naye. Mwacha mila ni mtumwa, na siku yangu ikifika najua nitapelekwa wapi.

Lakini kuna jambo ambalo sikulisema katika simu. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iligawanyika kwa makabila na moto ukateketeza mali za watu. Usiku mmoja vijana waligonga lango la ploti wakitaka kujua ni wapangaji gani "si wa hapa." Binti yangu alikuwa mtoto wa kubebwa. Shosho alitoka na leso yake kichwani, akasimama langoni, akawaambia kwa Kikikuyu, "Humu mna watoto wangu tu." Waliondoka. Hajawahi kulitaja jambo hilo tangu siku hiyo, na kodi yake huja kuidai tarehe tano bila huruma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilipewa zamani, na usiku ule nilielewa ni nani aliyetukabidhi. Mtu aweza kuwa na mahali pa kuzikwa na mahali pa kuishi, na haimlazimu kupakana kimoja ili akipende kingine.

Nilikaa mezani na binti yangu. Ile sentensi niliyoikata ilikuwa bado inasomeka chini ya wino wangu. Nilimwomba radhi, nikamwambia aiandike tena, na kama apenda aongeze kwamba babu yake anaishi Kakamega.

Aliandika: "Kwetu ni Kawangware. Pia kwetu ni Kakamega. Kawangware maana yake ni mahali pa kwale." Kisha akainua kichwa. "Baba, kwale walienda wapi?"

Nilimwambia akamwulize Shosho.