Vijiwe vya kalsiamu na askari wa mwili

Samahanini kwa ukimya, wiki hii ya tesiti imenikaba koo. Leo kuna swali moja limenifuata kuanzia kantini mpaka bwenini: hizi punje za kalsiamu wanazomwekea mtu kwenye mfupa, zinageukaje mfupa? Wengi mnadhani ni kama fundi anavyoziba ufa kwa saruji. Siyo hivyo hata kidogo.

Kwa wasiojua, jamaa yetu wa mwaka wa pili alivunjika mguu kwa bodaboda, kidonda kikaingia wadudu, ikabidi sehemu ya mfupa iliyooza ikwanguliwe. Pamebaki shimo kwenye muundi. Familia imeambiwa kuna njia mbili: achotwe mfupa wake mwenyewe nyongani, au shimo lijazwe punje za kalsiamu fosfeti. Au vyote vichanganywe. Mama yake akanipigia, hata shikamoo yangu hakuisubiri vizuri: "Mwanangu, huyu atatembea na mawe mguuni maisha yake yote?"

Nikamwambia, mama, mfupa wenyewe una asili ya jiwe. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini, na madini hayo ni ya kalsiamu na fosfeti, ndugu kabisa wa hizo punje. Wala si jambo jipya. Mwaka 1892 kule Ujerumani daktari Dreesmann aliandika jinsi plasta ileile ya POP ilivyojazwa ndani ya mashimo ya mifupa. Mwaka 1920 Albee wa Marekani akajaribu kalsiamu fosfeti.

Ila jiwe peke yake haliponyi mtu. Hapo ndipo askari wa mwili wanapoingia, na hapa naomba tutulie kidogo.

Ukivunjika, damu huganda pale pale. Nyutrofili hufika kwanza, halafu makrofeji. Zamani tulifundishwa makrofeji ni mfagiaji tu, anakula uchafu anaondoka. Kumbe ndiyo msimamizi wa ujenzi! Mwanzoni huwa kali, zinatoa kemikali zinazoleta uvimbe na joto. Baada ya siku kadhaa hubadilika tabia, zinakuwa za upole, zinaita mishipa mipya ya damu na osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa. Panya walioondolewa makrofeji, mifupa yao iliunga vibaya. Panya wasio na vipokezi vya TNF, mojawapo ya kemikali hizo za uvimbe, nao walichelewa kupona. Kwa hiyo uvimbe wa siku za mwanzo ni kazi inaendelea. Shida ni ukali usiokwisha, kama kwenye usaha: hapo osteoklasti, seli zinazokula mfupa, zinazidi kasi ya wajenzi. Na osteoklasti ni ukoo mmoja na makrofeji! Ndiyo maana tangu mwaka 2000 uwanja huu una jina lake, osteoimunolojia.

Sasa weka punje. Askari hao hao ndio wa kwanza kuzigusa. Wasipozipenda, wanazizungushia kovu na kuzitenga, na mfupa hauoti. Zikiwa na vitundu na ngozi ya kukwaruza kiasi, zinaanza kuyeyuka taratibu, kalsiamu inavuja, na makrofeji zina vipokezi vya kuionja. Osteoklasti zinatafuna, osteoblasti zinafuata nyuma zinajenga. Watafiti walipoziua osteoklasti kwa dawa katika wanyama, mwaka 2014, mfupa uliotarajiwa kuota kwenye punje haukuota. Yaani lazima jiwe liliwe ndipo mfupa uje.

Kwa hiyo jibu la mama linategemea aina. Trikalsiamu fosfeti huliwa kwa miezi hadi mwaka na zaidi. Haidroksiapatiti hukaa miaka mingi, mfupa unaota kuizunguka. Wengine huchanganya hizo mbili ili moja ipishe njia na nyingine ishikilie.

Familia imekasirika kwamba wanazungushwa, upasuaji umeahirishwa mara mbili. Mimi hapo niko upande wa daktari. Kuweka punje kwenye usaha ni kuwajengea wadudu nyumba, na askari waliokwisha kuwa wakali hawawezi kujenga. Mfupa wa nyongani unakuja na seli zake hai, lakini ni mchache na pale unapochotwa panauma kweli kweli. Punje ni za kununua na hazina uhai. Mwamuzi ni daktari, ila mimi ningechanganya, na hela ya punje ndiyo tunayochangia. Bumu likitoka, daftari liko kwa CR wao.

Na nyie mnaompelekea sigara wodini eti mnampunguzia mawazo, acheni jamani. Nikotini inabana mishipa ya damu, na makrofeji hazifiki mahali pasipofika damu. Mpelekeeni machungwa.

Haya, saa nane nina bayokemia. Ngoja niwahi siti ya nyuma.