Tumbo, chapati na seliaki

Wadau, nikizunguka Mbeya na Iringa kikazi, kila mwenye tumbo sugu ananitajia minyoo, amiba au taifodi. Ngano haimo kabisa.

Lakini upo ugonjwa unaitwa seliaki. Kinga ya mwili inapigana na gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, na kinachoumia ni utumbo mwembamba. Duniani inakadiriwa mtu 1 kati ya 100 anao. Mwaka 2009 watafiti wa Florence, Italia, walipima kemikali ndogo ndogo katika damu na mkojo, wakakuta za wagonjwa ni tofauti. Baada ya mwaka mmoja bila gluteni, zilikaribiana na za wenye afya. Yaani dawa ni mlo tu!

Ulaya mlo huo ni ghali. Huku ni ugali, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, uji wa ulezi, hata ulanzi. Tabu ni chapati, maandazi na bia, maisha yetu vijana wa mjini.

Angalizo: usiache ngano kabla ya kupima damu, majibu yatadanganya.

Sasa madaktari, mtu wa Makete akitibiwa minyoo mara tatu bila kupona, nani atamwandikia kipimo hicho?