Udongo wa Milima ya Amani

Mpwa wangu alirithi kwa marehemu babaye kipande cha msitu katika milima ya Usambara Mashariki, kando ya Hifadhi ya Asili ya Amani. Kijana akaazimu kuomba ruhusa akate miti yote apande mahindi, apate mahari na nyumba. Mamaye, ambaye ni dada yangu, akanisihi nifuatane naye kabla shoka halijatiwa.

Tulitoka Tanga alfajiri, tukapita Muheza penye michungwa mingi, kisha tukaanza kupanda. Njia huzunguka milima kama kilemba, na gari letu lilikuwa bovu, sitalieleza. Huko juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, ukungu umeketi juu ya miti, na miti yenyewe ni mirefu hata ukiitazama kofia huanguka. Nikamwambia mpwa wangu, "Hapana shaka udongo huu una rutuba ya miaka mia." Sioni haya kukiri kwamba nilisema hivyo.

Mwenyeji wetu, mzee wa Kishambaa aliyekuwa rafiki wa marehemu, alinisikia asijibu. Alitwaa jembe akachimba chini ya mti. Udongo mweusi ulikuwa kiasi cha shibiri moja tu. Chini yake mwekundu mtupu. Akasema, "Mwalimu, huo mweusi ndio mali. Msitu hula majani yake wenyewe."

Na kweli ndivyo ilivyo. Mvua nyingi za milima hii zimeosha chumvi za rutuba katika udongo kwa zama nyingi, zikauacha mchachu. Kinachoistawisha miti ni majani yaangukayo na kuoza upesi, na mizizi iliyotandaa juu juu huidaka rutuba ile kabla haijazama. Ukikata na kuchoma, majivu hupunguza uchachu ule, nawe huvuna vizuri msimu mmoja au miwili. Baada ya hapo mvua huchukua vyote, maana hapana mizizi ya kudaka.

Wajerumani nao walidanganyika. Katika miaka ya 1890 walifyeka misitu hii wakapanda kahawa. Mavuno ya mwanzo yaliwapendeza, kisha mibuni ikadhoofika na mashamba mengi yakaachwa. Mwaka 1902 walianzisha papo hapo Amani chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, kikapata sifa kubwa. Chai iliyokuja baadaye ilikubali, kwa kuwa mchai hupenda udongo mchachu. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, ulipata makao yake chini katika tambarare za Tanga.

Mzee akatupeleka kwenye mashamba yake. La kwanza lilikuwa la iliki chini ya miti mikubwa. Iliki hutaka kivuli na majani yaliyooza, huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na vitumba vyake hutoka chini kabisa karibu na ardhi, hata mvunaji hana budi kuinama kama aliyerukuu. Lakini nayo huchosha udongo. Miaka ikipita mavuno hupungua, na hapo ndipo wengi hukata kivuli wakatia muhogo, ambao huvumilia udongo dhaifu.

La pili ndilo lililonisikitisha. Mzee alilifyeka na kulichoma mwaka alioozesha binti yake. "Mwaka wa kwanza nilijaza ghala," akasema. Sasa mahindi yalikuwa kimo cha goti, majani manjano, wakati wa kutoa mbelewele. Mpwa wangu alisimama pale kitambo, akang'oa bua moja akalitazama mizizi.

La tatu lilikuwa na mdalasini na mikarafuu, na pilipili manga imepanda juu ya miti iliyoachwa. Hapa ardhi haikuwa uchi.

Usiku ule kijana na mzee walizungumza sana, nami nikawa msikilizaji. Walikubaliana kwamba bondeni, ambako maji yameshusha udongo mzuri, patalimwa mahindi kidogo, mbali na ukingo wa kijito. Kwenye mteremko miti itabaki, na mdalasini utatiwa palipo wazi. Mahari itangoja, na kwa hilo kijana hakufurahi.

Tuliporudi, dada yangu hakuuliza habari za mahindi wala mdalasini. Aliuliza kama ule msambu ambao marehemu alikuwa akiokota mbegu zake za mafuta ungali umesimama. Nikamwambia umesimama.