UKIGUSA, UMECHEZA

 

Mwezi uliopita hapa Namanga niliketi na wazee wawili wakicheza chesi. Hawa si wa kupoteza muda. Wamecheza mashindano tangu ujana, na wote wamefika kundi la miaka 65 na zaidi, lile lenye ubingwa wake wa dunia. Walikuwa mbili kwa mbili. Mchezo wa tano ndio ungeamua.

Chesi ina sheria kali: ukigusa kete yako kwa kukusudia, lazima uicheze. Kama unataka kuiweka sawa tu, tangulia kusema.

Mzee mmoja alikuwa anaelekea kushinda. Mwenzake akageuka kumimina chai. Huyu akashika malkia, mara akaona kosa: malkia ndiye aliyekuwa akimlinda mfalme. Akamwachia haraka. Mwenzake hakuona kitu. Saa inakimbia.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, nimegusa malkia." Akamsogeza. Hatua mbili baadaye mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

Nikamuuliza, "Mzee, si hakuwa ameona?"

Akanijibu, "Pasta, mimi niliona."

Wapendwa, niliondoka pale na aibu. Januari nilimwahidi kijana mmoja wa kanisa letu kwamba nitamlipia karo. Tulikuwa wawili tu. Mambo yalipokaza nikaanza kumkwepa, nikijiambia hakuna shahidi. Nami ndiye ninayewahubiria Zaburi 15! Pale Daudi anauliza nani atakaa hemani mwa Bwana, na mmoja wao ni yule asiyegeuza kiapo chake hata kikimgharimu.

Wiki hiyo nilipeleka mtamba wangu soko la Bissil. Bei haikuwa nzuri, niliumia. Kijana amerudi darasani, lakini wiki tatu alizokaa nyumbani siwezi kumrudishia. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake.

Mpendwa, kuna mtu anangoja neno lako leo? Pengine ni mke, mtoto, au mfanyakazi uliyemwambia "nitakulipa Ijumaa". Kabla ya kuahidi, omba na uhesabu. Ukishaahidi, timiza. Ukichelewa, mpigie simu, usijifiche.

Bwana, tupe moyo wa kulitunza neno letu hata pasipo shahidi. Katika jina la Yesu, Amina.