Ngoma ya Gishora na Tofali la Muyinga

Wavumbuzi ambao majina yao hufundishwa shuleni walikuwa na bahati ya kuandikwa. Mtoto wa shule aweza kumtaja James Watt aliyeiboresha mashine ya mvuke, au Thomas Edison wa taa ya umeme, kwa kuwa majina hayo yamo vitabuni. Lakini yule aliyegundua kwanza kwamba udongo mwekundu uliochomwa kwa makaa hutoa chuma, au yule aliyewamba ngozi ya ng'ombe juu ya gogo lililochimbwa ndani, hana jina katika kitabu chochote. Kilichobaki ni kazi yake, nayo hubaki hai pale tu wanapokuwapo watu wa kuitenda tena mbele ya macho ya watoto wao.

Katika nchi jirani ya Burundi msafiri aweza kuziona kazi za namna hiyo katika njia moja, kuanzia Muyinga, kaskazini mashariki, hadi Gitega iliyo katikati ya nchi. Si njia ya anasa. Ni barabara ya vilima, migomba na mibuni, nayo yafaa kusafiriwa na mtu apendaye kujua jinsi watu wa kawaida walivyoishi na walivyofikiri.

MUYINGA, MJI WA NJIANI

Atokaye Ngara hupita Kabanga, akavuka mpaka Kobero, kisha akaingia Muyinga. Mlango huo wa Kobero ni mmojawapo wa milango mikubwa ya bidhaa za Burundi zipitazo bandari ya Dar es Salaam, na kwa hiyo malori hayakomi kupita. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima. Wakulima wa mashamba yaliyouzunguka hulima kahawa, ndizi, maharagwe na mtama, na katika tarafa ya Butihinda wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Muyinga ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilohilo hadi mwaka 2025, mikoa 18 ya nchi ilipounganishwa ikawa mitano, nao ukaingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza. Msafiri Mtanzania hatapata taabu ya lugha sokoni, kwa maana biashara ilikileta Kiswahili huku tangu zamani.

Katika mji huo limo jengo moja dogo ambalo wajenzi wa nchi nyingi wamelisoma katika majarida yao. Nalo ni maktaba, iliyomalizika kujengwa mwaka 2012, yenye eneo la meta za mraba 140 hivi. Ilikusudiwa kuwa sehemu ya kwanza ya shule itakayowachanganya watoto wasiosikia na wenzao wanaosikia. Wasanifu wake walitoka Ubelgiji, lakini mikono iliyolijenga ilikuwa ya wenyeji, na vifaa karibu vyote vilipatikana hapo hapo.

Kuta zake ni za matofali ya udongo mtupu, ambayo hayakuchomwa motoni, ila yalishindiliwa kwa mashine ya mkono hadi yakawa magumu. Mashine mbili za kazi hiyo zilipatikana zikiwa zimeachwa, zimefunikwa na vumbi. Zilifutwa, zikatengenezwa, zikaanza kutoa matofali zaidi ya 1,000 kwa siku. Paa liliezekwa kwa vigae vilivyotengenezwa papo hapo Muyinga, likashikwa na boriti za mkaratusi. Mbele ya vyumba ipo baraza ndefu kama ile ya nyumba za kale za Kirundi, mahali ambapo watu hukaa kuzungumza, kujikinga na mvua na kungojea jua lipungue. Kuta zina matundu yaliyopangwa kwa utaratibu ili hewa ipite, na juu, mahali pa watoto, ulitandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambao mtoto aweza kulala juu yake akisoma.

Mtu aweza kuuliza, uvumbuzi u wapi hapo, maana udongo ni wa zamani kuliko binadamu? Jibu ni kwamba uvumbuzi si lazima uwe kitu ambacho hakijapata kuonekana. Mara nyingi ni kukitazama upya kile kilichodharauliwa. Tofali la kuchoma linataka kuni nyingi, na katika nchi yenye watu wengi kama Burundi kila mti una wateja watatu, yaani jiko, paa na tanuri ya matofali. Tofali la kushindilia halihitaji kuni. Aidha, mafundi waliojifunza kazi hiyo pale waliondoka na ujuzi wao, na ujuzi hauna ushuru mpakani.

WAFUA CHUMA WALIOKUMBUKA

Ukanda huu wa nchi, tangu Kagera na Ngara hadi vilima vya Burundi na Rwanda, ulikuwa nchi ya chuma tangu kale. Uchunguzi wa mabaki ya kale uliochapishwa mwaka 1983 ulieleza juu ya tanuri za kuyeyushia chuma zilizofukuliwa Rwanda na Burundi, zilizotumiwa na wakulima wa zama za kwanza za chuma. Wataalamu wangali wakibishana juu ya umri wa zile za kale zaidi, kwa sababu kipande cha mkaa hueleza umri wa mti, wala si lazima kieleze siku tanuri ilipowashwa. Hata hivyo hakuna abishaye kwamba kazi hiyo ilifanywa hapa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Jambo la kustaajabisha lilitokea upande wa Tanzania. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miaka mingi tangu majembe ya madukani yalipowaondolea kazi, waliombwa na Peter Schmidt, mchunguzi wa mambo ya kale, wajenge tena tanuri kama walivyoona ikijengwa ujanani mwao. Hawakuwa na maandishi. Walikuwa na kumbukumbu, mikono, na nyimbo za kazi. Walichimba shimo, wakachoma majani ya matete ndani yake, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakaingiza mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto. Majaribio hayakukosa matatizo, lakini mwishowe chuma kilipatikana.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Waliandika kwamba joto la ndani lilipita digrii 1,800, na kwamba mabomba yale, kwa kuwa yaliingia ndani kabisa ya tanuri, yaliupasha upepo moto kabla haujafika kwenye makaa. Maelezo hayo ya upepo uliopashwa moto yalipingwa na baadhi ya wataalamu wengine, na mjadala huo ni wa kawaida katika sayansi. La muhimu kwa msomaji ni hili: kama wazee wale wangefariki kabla ya kuombwa, hata swali lenyewe lisingeulizwa.

KUELEKEA GITEGA

Barabara itokayo Muyinga kwenda Gitega hupitia Karuzi, katika nchi ya mto Ruvubu. Maji ya mto huo huingia Tanzania na kuungana na mengine yanayofanya Kagera, na kwa njia ya Ziwa Victoria hufika Misri. Ni mto wa subira, nao unafanana na watu wa bonde lake.

Gitega ni mji wa kale kwa mambo ya utawala. Wajerumani waliyahamishia hapa makao yao kutoka Usumbura mwaka 1912, na boma lao lingali limesimama. Desemba 2018 ilitangazwa kwamba Gitega itakuwa makao makuu ya siasa ya Burundi, nayo Bujumbura ibaki kuwa mji mkuu wa biashara. Hapa ipo Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1955. Ndani yake vimo vikapu, vyungu, mikuki, nguo za magome ya miti na vyombo vya nyumba ya kifalme. Yafaa mgeni aanze hapo, kwani vitu anavyoviona kabatini vikiwa kimya atavikuta vikitumika umbali wa kilometa saba hivi kutoka mjini, katika kilima cha Gishora.

GISHORA, MAHALI NGOMA INAPOSEMA

Gishora ilikuwa makao ya Mfalme Mwezi Gisabo, yule aliyewasumbua Wajerumani mpaka mkataba wa Kiganda ulipotiwa sahihi tarehe 6 Juni 1903. Inasimuliwa kwamba alikijenga kikao hicho baada ya kumshinda Ntibirangwa, mkubwa aliyeasi. Zimo nyumba za nyasi za duara kama za zamani, na ndani zimehifadhiwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza lahusu kufyeka mwitu kwa ajili ya ngoma, na la pili lahusu kulima kwa ajili yake. Walinzi wake ni watu wa ukoo wa Abatimbo, ambao wamerithishana kazi hiyo baba kwa mwana.

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na ufalme. Ngoma ndiyo iliyotangaza kutawazwa kwa mfalme na kifo chake, na ndiyo iliyofungua msimu wa kupanda mtama katika sikukuu ya Umuganuro, iliyofanywa mwezi wa Desemba. Sikukuu hiyo ya kifalme iliadhimishwa mara ya mwisho mwaka 1929, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Ufalme wenyewe ulifutwa Novemba 1966. Ngoma ikabaki bila mfalme, lakini haikukosa watu.

Ni nani aliyeivumbua? Masimulizi hayamtaji fundi. Yasema kwamba ngozi ya fahali ilitandikwa ikauke juu ya tundu, na nyoka aliyekuwa ndani, alipotaka kutoka, akaigonga kwa kichwa, ikatoa mshindo. Watu wakasikiliza, wakaelewa. Hadithi hiyo ina hekima yake, kwani yasema kwamba mvumbuzi ni yule asikiaye ajali na kuifanya kuwa kanuni.

Mti wa ngoma ni mringaringa, ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Gogo huchimbwa ndani, ngozi ya ng'ombe huwambwa juu na kushikwa kwa vigingi. Majina ya sehemu zake ni majina ya mama. Ngozi huitwa icahi, kama ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Vigingi ni amabere, yaani maziwa ya mama. Iko inda, tumbo, na umukondo, kitovu, na urugori, taji la mama aliyezaa.

Onyesho huanza na wapigaji kuingia mstarini, ngoma nzito zikiwa kichwani huku zikipigwa, na hakuna anayepoteza hatua. Huzipanga kwa nusu duara kuizunguka ngoma kiongozi, inkiranya. Ziitwazo amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika, na ibishikizo hufuata maelekezo ya kiongozi. Kila mmoja hutoka kwa zamu yake kuja katikati, akaruka, akacheza, akapiga, kisha akampisha mwenzake. Askari aliyewahi kusimama gwarideni ataelewa upesi kuliko mtu mwingine kwamba uzuri huo wote ni nidhamu, na kwamba asiyejua kufuata hawezi kupewa zamu ya kuongoza.

HAKI YA WENYE NGOMA

Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa alichukua ngoma zilizorekodiwa Burundi, akaongeza ala zake, na sahani ikauzwa Ulaya. Wengi walioicheza hawakujua jina la hata mpigaji mmoja. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walisimama wenyewe katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza, na mwaka 2014 UNESCO ikaiandika ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Heshima hiyo ilileta swali jipya: ngoma ni ya nani? Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliagiza kwamba vikundi viandikishwe, kwamba maonyesho nje ya sherehe za serikali yapate kibali na kulipiwa ada ya faranga 500,000, na kwamba wanawake wasipige ngoma. Waliotetea amri walisema kwamba inalinda kitu kitakatifu kisichezewe katika kila arusi. Walioipinga walikumbusha kwamba vilikwishakuwapo vikundi vya wanawake wapigaji, na wakauliza vipi chombo ambacho viungo vyake vyote vina majina ya mama kimkatae mama. Nchi iliyopita katika misiba ya mwaka 1972 na ya mwaka 1993, ikapatanishwa Arusha Agosti 2000 baada ya juhudi za Mwalimu Nyerere na kisha Mzee Mandela, yajua kwamba swali la nani ni mwenye haki si swali dogo.

Mzazi atakayewapeleka watoto wake Gishora awaache wakae karibu na fundi wa ngoma, waulize, waguse. Asiyeweza kusafiri ana lake la kufanya nyumbani. Bibi ajuaye kusuka kikapu, mzee ajuaye kufua jembe, babu ajuaye ni mti gani utafaa kwa mchi na ni upi utafaa kwa mzinga, wote hao wawe na mtoto mmoja wa kukaa naye jioni. Na palipokatwa mringaringa, upandwe mwingine, kwa maana ngoma ya mjukuu bado ni mche.