Maandalio ya Safari ya Baiskeli

Wengi huniuliza, "Mwalimu, basi lipo, ya nini kujitesa?" Jawabu langu ni hili. Kwa miaka 9 nimewachorea watoto Bonde la Ufa ubaoni, na kila nilipolivuka nilikuwa nimeketi ndani ya basi. Likizo ya Juni nataka kulivuka kwa nguvu za miguu yangu, peke yangu, toka Dodoma hata Singida, mwendo wa kilomita 240 hivi. Nami naona yafaa niwaandikie walimu wenzangu habari za maandalio, maana msafiri wa peke yake huitengeneza safari yake nyumbani, si njiani.

Jambo la kwanza ni majira. Ugogo hupata mvua tangu Desemba hata Aprili, nazo ni chache. Mwezi wa Juni njia ni kavu, usiku ni baridi, na upepo wa mashariki huvuma kwa nguvu. Aendaye magharibi upepo humsukuma mgongoni. Arudiye humpiga usoni. Kwa hiyo nimeazimu kwenda kwa baiskeli na kurudi kwa basi.

Jambo la pili ni maji. Kabla reli haijafika Dodoma mwaka 1910, misafara ya wapagazi ilipita Ugogo ikienda Tabora na Ujiji. Upande wa mashariki iliivuka Marenga Mkali, nyika ya maji machungu. Upande wa magharibi Mgunda Mkali, pori la siku nyingi. Desturi yao ilikuwa kuondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Lakini palipokuwa hapana maji mbele, waliterekeza: walipumzika mchana penye maji, wakapika, wakanywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala pakavu, na asubuhi wakayafikia maji mengine. Siku hizi barabara ni ya lami na maduka yapo, tena njia yangu hukata kaskazini pale Manyoni. Lakini hekima yao haijachakaa. Kunywa na kujaza ungali penye maji, usingoje kiu.

Jambo la tatu ni mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, nami nitachukua lita 6. Kila aliyenishauri aliniongezea kitu cha kubeba, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi niliandika vitu vyote katika karatasi, kisha nikafuta nusu. Vilivyobaki ni mipira miwili ya ndani, viraka na solusheni, pampu, spana, spoku chache, kamba, blanketi, na nguo za kubadili. Viraka ni vingi, kwa kuwa mbigili na miiba ya migunga haina huruma. Tena Jumamosi tatu nimeketi kwa fundi wa baiskeli chini ya mti wake, nikajifunza kuvua tairi, kuunga mnyororo na kunyosha ringi. Kisha nikajizoeza na mzigo nyuma, kilomita 20, halafu 40, halafu 60. Huko mbele ya Kintinku, barabara ipandapo ukingo wa Bonde, nitashuka na kusukuma, wala si aibu.

La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mke wangu aliniuliza, "Ukigongwa na lori porini, mimi nitajuaje?" Sikumjibu kwa siku mbili, kwa kuwa swali lake ni la haki. Ndipo tukapatana hivi. Nitalala Bahi, Manyoni na Ikungi, kwa wenyeji tuwajuao. Kila jioni nitampigia simu. Ikipita saa 1 usiku asinisikie, atampigia mwenyeji wangu. Sitaendesha baada ya jua kuchwa. Nikisikia honi nyuma yangu nitaiacha lami mara moja. Na mfukoni nitaweka karatasi yenye jina langu na namba yake. Alipokwisha kuisoma karatasi ile, aliikunja mwenyewe, akasema, "Haya, nenda."

Walimu wenzangu, aendaye peke yake ana watu wengi nyuma yake: fundi aliyemfunza, wenyeji wanaomngoja, na yule asiyelala mpaka simu ilie. Apunguze vitu, lakini watu hao asipunguze hata mmoja.