Salamu Zimefika

Siku yangu ya pili Dar es Salaam nilienda gengeni, pale Sinza, kununua vitu vya kupika. Genge, kumbe, ndiyo kibanda cha mboga. Nikasema vile ningesema Nakuru: "Nipe nyanya, ndengu nusu kilo na dhania." Yule dada hakusonga. Aliniangalia tu kwa upole, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Halafu akanisaidia kuianza upya: "Habari za asubuhi, kaka?"

Nilikuwa na haraka, sijui ya kwenda wapi. Nikajibu nzuri. Akauliza za nyumbani, nzuri. Akauliza nimeamkaje. Ndipo tukafika kwa nyanya. Ndengu zilikuwa mbele ya macho yangu lakini huku zinaitwa choroko, na dhania ni kotimiri. Nikiwa bado nahesabu hela, mama mmoja akaja akasema, "Naomba nyanya za elfu moja." Nikafikiri maskini, amesota, anaomba saidia. Kisha akatoa pesa, akalipa, akaenda zake.

Kwetu anayeomba ni mtu hana. Huku unaomba na noti iko mkononi. Unaomba soda, unaomba kupita kwenye daladala, unaomba hadi chenji yako mwenyewe. Mdomo wangu ulichukua miezi kuzoea. Siku moja konda alinisikia nikisema "nipe chenji" akaniuliza, bila hasira yoyote, "Mkenya wewe?"

Wasee wa nyumbani wakinipigia huuliza vitu vingine. Ndiyo, supu ya ng'ombe na chapati inaliwa asubuhi, na walio sahihi ni wao, si sisi na chai yetu. Ndiyo, stima ni umeme. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mara moja, na hiyo ilinimaliza. Nilibaki na laptopu na begi. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu, nimesaidia watu kadhaa kupata digrii. Sijivunii, ila kodi ililipika.

Mwenye nyumba mwenyewe ni mama wa miaka sitini na kitu, anayefagia uwanja kabla jua halijatoka. Nilijifunza kumwambia shikamoo. Huko kwetu, ukitoa Pwani, hilo ni neno la kitabu cha shule ya msingi. Mara za kwanza nililisema kama naigiza. "Marahaba, baba. Wazazi hawajambo?" Hawajambo. "Mzee je?" Hajambo. "Nisalimie sana." Zitafika.

Nilidhani ni adabu tu, maneno ya kupita. Wiki iliyofuata akaniuliza, fagio mkononi: "Salamu zangu zilifika?"

"Zimefika, mama. Anakusalimia pia."

Hapo ndipo nilipoingia kwenye shida, kwa sababu nilikuwa sijaongea na buda mwaka mmoja na nusu.

Aliuza ng'ombe wa maziwa ili nilipe karo ya semesta. Nilikuwa na deni dogo, nikaona niizungushe ile pesa wikendi moja, Jumatatu nilipe karo na libaki la deni. Mechi tano. Nne ziliingia. Nilimwambia nimelipa, nikaendelea kusema nimelipa hadi mitihani ikafika na jina langu halikuwepo. Aliponiomba nimtumie risiti, nikazima simu. Nilipoiwasha ilikuwa na laini mpya. Mathe tunaandikiana, ananiuliza kama nimekula. Buda hatumtaji.

Kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa nazitunga habari zake. Leo anapalilia mahindi. Leo mgongo unamsumbua kidogo. Mama alikumbuka yote. "Mgongo wa mzee umepoa?" ananiuliza baada ya siku nne, na mimi mwenyewe nimeshasahau kwamba nilimpa mgongo. Nairobi niliishi kwa ploti moja miaka miwili na keateka alijua tu namba ya mlango wangu. Uongo wangu ulikuwa umezoea watu wa aina hiyo, watu wasiorudi kuuliza.

Desemba nikamwambia huenda nikaenda nyumbani. Hilo pia sikuwa nimeamua, lilitoka tu. Jioni akagonga, "Hodi," akiwa na mfuko wa korosho za kukaanga, kama kilo mbili hivi, umefungwa vizuri kwa kamba.

"Mpelekee mzee. Mwambie ni mimi. Atanijua, tumesalimiana siku nyingi."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Akaondoka. Nikauweka mezani kando ya laptopu, nikajaribu kumaliza insha ya mtu kuhusu maadili ya biashara. Naapa, ndiyo mada. Saa tatu usiku niliacha kuandika. Namba yake sikuhitaji kuitafuta.

Iliita karibu ikatike.

"Nani?"

Nilifungua mdomo na kilichotoka ni shikamoo. Sijawahi kumwambia baba yangu shikamoo. Upande ule kulikuwa kimya, ila redio yake ilikuwa inasoma habari kwa chini.

"Nina salamu zako," nikasema.

Redio ikazimwa.

"Za kutoka kwa nani?"